Gumzo la Uani: Soga za Mabibi Zetu na Adabu Zake



Ukija dukani kwangu Alhamisi baada ya Laasiri, cherehani huisikii, unasikia watu. Mmoja anapimwa, mmoja anasubiri pindo lake limalizwe, wawili hawana walilolifuata, wamemsindikiza tu mwenzao. Mazungumzo hayana mwanzo wala mwisho. Bei ya mchele, mtoto aliyegoma kwenda chuoni, nani kaposwa Pemba, asmini imepanda tena kwa sababu ya msimu wa harusi. Mzee wa duka la jirani akipita hutikisa kichwa na kusema, "Wanawake na porojo!" Nasi hucheka, tukaendelea.

Leo nataka tuzizungumze hizo porojo zenyewe. Zina historia, na historia hiyo ni yetu. Mengine nimeyasoma, mengine nimehadithiwa na bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Niliitafuta historia hii kwa sababu porojo ziliwahi kuniponza, na zilimponza zaidi mtoto wa watu. Naanza na hilo, maana si vizuri nikunasihini nyinyi kabla sijajisema mwenyewe.

Gauni lililofumuliwa mara mbili

Ilikuwa miaka michache baada ya kumaliza kozi ya ushoni na kufungua duka. Nilipewa kazi ya gauni la bibi harusi, msichana mwembamba, mpole, anayesema kwa kunong'ona. Nikampima, nikakata, nikashona. Wiki tatu baadaye alipokuja kujaribu, kiuno kilikuwa hakifungi. Nikafumua, nikaongeza. Baada ya siku kumi akarudi, kikabana tena. Nikafumua mara ya pili.

Jioni ile tulikaa na mashoga zangu tukinywa chai. Nikasema, bila nia yoyote mbaya, "Kazi ya fundi ni mtihani. Gauni la fulani nimelifumua kiuno mara mbili mwezi huu." Nikamtaja jina. Basi. Sikuongeza neno. Mmoja akaguna, mwengine akasema, "Mh!" Tukahamia kwenye mambo mengine.

Mguno ule ulitoka dukani kwangu na miguu yake. Kabla ya siku tatu ulikuwa umefika kwa upande wa bwana harusi ukiwa umevaa nguo nyengine kabisa: kwamba binti ana mimba. Wakatuma watu. Wakataka apimwe. Na akapimwa, mashoga zangu. Msichana ambaye hajapata kukaa faragha na mwanamme alipelekwa kupimwa kama mtuhumiwa, kwa sababu fundi wake alikuwa anakunywa chai.

Hakuwa na kitu. Shangazi yake alikuwa amemweka ndani na kumlisha bokoboko na maziwa asubuhi na jioni ili anenepe kidogo kabla ya harusi, kama ambavyo mashangazi wengi hapa visiwani hufanya. Kiuno kilikuwa kimeongezeka kwa sababu hiyo, na kila mwenye akili angeweza kuuliza.

Mama yake alikuja kulichukua gauni. Nilitetemeka nilipomuona mlangoni, nikijua atanipigia kelele mbele ya wateja. Hakunipigia. Alikaa kitini, akanisalimia vizuri, akanihesabia pesa zangu mpaka ya mwisho. Kisha akasimama, akaivuta kanga yake mabegani taratibu, akanipa mgongo ili nisome. Ilikuwa imeandikwa: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO.

Akaondoka. Mimi nikabaki na zile pesa mkononi.

Wanawake kumi na mmoja walikaa

Baada ya siku ile nilijiapiza kwamba dukani kwangu hatuzungumzi tena. Nikaweka kaswida mchana kutwa, mtu akianza kuhadithia nampa mgongo. Nilidumu hivyo kama mwezi. Wateja wakapungua, na waliobaki walikuwa wanyonge. Mwalimu wangu wa darasa la wanawake aliponiuliza kwa nini duka limekuwa kama chumba cha mtihani, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, nani kakwambia kuzungumza ni haramu? Hujasikia habari ya Ummu Zar'i?"

Nilikuwa sijaisikia. Ni hadithi ndefu aliyoisimulia Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na imo katika Bukhari na katika Muslim. Wanawake kumi na mmoja walikaa pamoja wakaahidiana kwamba kila mmoja aseme habari za mumewe bila kuficha. Wakaanza. Mmoja akamfananisha mumewe na nyama ya ngamia aliyekonda, tena iliyowekwa juu ya jabali gumu kupandika. Mmoja akasema akifungua mdomo ataachwa, akinyamaza ataning'inizwa. Wengine wakasifu: mmoja harufu nzuri ya mumewe na ulaini wake, mwengine ukarimu wake. Wa kumi na moja, Ummu Zar'i, alimsifu mumewe wa kwanza kwa maneno mengi, namna alivyomjaza mapambo na raha, mpaka siku alipomuacha kwa ajili ya mwanamke mwengine. Akaolewa na mwengine aliyempa kila kitu, lakini akasema vyote hivyo vikikusanywa havijazi chombo kidogo kabisa cha Abu Zar'i.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisikiliza habari yote hiyo kutoka kwa mkewe. Hakumwambia ana kazi, wala hakumwambia haya ni mambo ya wanawake. Alipomaliza, akamwambia kwa upole kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar'i kwa Ummu Zar'i. Kadhi Iyadh wa Sebta, mwanachuoni mkubwa wa Maghribi aliyefariki mwaka 1149, aliandika kitabu kizima kuieleza hadithi hii moja na faida zake. Kitabu kizima, mashoga zangu, juu ya soga la wanawake kumi na mmoja!

Lakini mwalimu wangu alinionyesha jambo jengine ambalo wanavyuoni walilizingatia. Waume waliosemwa vibaya pale hawakujulikana na wasikilizaji. Hakuna aliyeweza kutoka akaenda kumnyooshea mtu kidole. Ndiyo maana soga lile halikuwa ghiba, ile ghiba ambayo Suratul Hujurat imeifananisha na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Nikakumbuka kwamba mimi nilitaja jina. Neno langu lote lingekuwa salama kama si jina lile.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: mabibi zetu, ambao maisha yao yote yalipita kwenye mazungumzo, wao walifanyaje?

Mtoto wa Sultani na kalamu yake

Mwanamke wa Unguja aliyetuandikia mapema kabisa habari za ndani ya nyumba ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844. Baadaye aliondoka, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na kitabu cha kumbukumbu zake kikatoka Ujerumani mwaka 1886. Ukikisoma utaona kwamba jumba lile lililojaa wake, masuria, watoto na watumishi liliishi kwa mazungumzo: kutembeleana, kukaa barazani kutazama bahari, kupelekeana habari na zawadi.

Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Qur'ani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yao alipofariki mwaka 1856, ndugu waligombea utawala, na mwaka 1859 Barghash alipojaribu kumpindua kaka yake Majid, ni Salme aliyemwandikia barua, naye ni msichana wa miaka kama kumi na tano. Mpango ukashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Kilichoniuma mimi si siasa zile. Ni jinsi anavyoeleza kwamba ndugu waliokuwa wakitembeleana jioni na taa zao walianza kupelelezana na kutoaminiana. Nyumba zile zile, midomo ile ile, lakini mazungumzo yamegeuka fitina.

Kwa hiyo usidhani kuna zama ambazo wanawake walizungumza mema tupu. Hazikuwapo. Kalamu ilipoingia mkononi mwa msichana yule, jambo la kwanza kubwa ilichofanya ni kubeba siri iliyovunja undugu, na majuto yake yamo kitabuni mwake.

Nguo iliyopewa jina la ndege wenye kelele

Sasa tuje kwenye nguo, hapa ndipo penye kazi yangu.

Katika karne ya 19 nguo za wanawake wengi wa mwambao zilikuwa merikani, ile pamba nyeupe iliyoletwa na meli za Marekani, na kaniki, ambayo ni nguo hiyo hiyo ikitiwa rangi ya nili mpaka ikawa nyeusi. Kaniki ilikuwa ndiyo nguo ya watumwa na watu wa chini. Baadaye wanawake wa mjini walianza kununua leso za rangi zilizokuja kwa jora. Badala ya kukatiwa moja moja, walikata sita, wakaziunga tatu kwa tatu zikawa nguo moja pana ya kujifunga. Yaani kanga ilianza kwa sindano ya mwanamke kabla haijafika kiwandani, na mimi kama fundi jambo hilo hunifurahisha kila nikilifikiria.

Kuhusu jina, wapo wanaosema nguo iliitwa kanga kwa sababu ya madoa yaliyofanana na ya ndege huyo. Na wapo wanaosema ni kwa sababu kanga ni ndege wa kwenda makundi kwa makundi, na kelele zao hazishi, kama wanawake waliovaa nguo mpya wakakutana. Kama hilo la pili ni kweli, basi nguo yetu ina porojo tangu jina lake.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na masuria wakasubiri hadi 1909 ndipo sheria ikawagusa na wao, wanawake wengi waliokuwa wakivaa kaniki walifanya haraka kuiacha. Kuvaa kanga kulikuwa ni kusema: mimi si mtumwa wa mtu. Hakukuwa na maandishi bado, lakini nguo ilikuwa imeanza kuzungumza.

Maandishi yakaja mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi humtaja mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kutia methali kwenye kanga, na mpaka leo kuna kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla. Mwanzo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Fikirieni maana yake. Skuli ya serikali ya wasichana hapa Unguja ilifunguliwa mwaka 1927. Kabla ya hapo mwanamke wa kawaida alikuwa amesoma chuoni tu, anazijua herufi za Msahafu. Kanga ikamfuata pale alipo, na alichokisoma chuoni akaweza kukisoma mgongoni mwa shoga yake.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Nimeshona nguo nyingi lakini sijaona nguo nyengine inayoitiwa jina lake dukani kabla ya rangi yake. Mteja hasemi "nipe ya kijani". Husema "nipe ile Wache Waseme". Anajua atakayemvalia.

Na uzuri wa kanga ni huu: inasema bila kusema. Jirani akikuuliza, "Umenikusudia mimi?" unaweza kumjibu, "Nimeipenda rangi tu, shoga yangu." Hapo yeye amepata ujumbe, nawe umempa njia ya kutokea. Hakuna aliyetukanwa mbele za watu. Akitaka kuyamaliza, kesho naye atavaa yake ya kujibu, au ataleta sahani ya vitumbua. Mama wa yule binti angeweza kunivua nguo siku ile mbele ya wateja wangu, na ilikuwa haki yake. Alinisitiri. Alinichoma mpaka mfupani, lakini alinisitiri.

Habari zilizoimbwa Ng'ambo

Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi. Alikuja mjini mwaka 1911, akakaa Ng'ambo, upande wa pili wa ile hori iliyoutenga Mji Mkongwe na nyumba za watu wa kawaida. Hakusoma skuli. Lakini nyumbani kwake usiku walikusanyika watu, wake kwa waume, wakaleta habari za mchana: nani kadhulumiwa, nani kaachwa, kesi gani imeamuliwa vipi. Yeye na wenzake wakazigeuza nyimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti ya mwanamke wa Kiswahili kutoka Ng'ambo ikauzwa mwambao mzima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na si wanawake wengi wa zama zile walioandikiwa.

Wimbo wake mmoja unaojulikana sana ni Kijiti. Nitauelezea tu. Ni habari ya msichana mgeni aliyetoka matembezini, akafanyiwa unyama na akauliwa. Muuaji akatoroka, na sheria ikawageukia wanawake waliotoka naye siku ile. Mahkamani jambo likaisha hivyo. Lakini kwenye mazungumzo ya wanawake halikuisha. Waliimba, waliulizana, walilihadithia kwa binti zao, mpaka mimi niliyezaliwa zaidi ya miaka thelathini baada ya Siti kufariki mwaka 1950 ninalijua. Karatasi za kesi zimo kwenye makabati. Soga ndilo lililomkumbuka yule msichana.

Mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja ambayo wenye ardhi walikuwa wameipandisha, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Wengi wao walikuwa wamejijengea vijumba vyao kwa jasho lao. Hawakuwa na gazeti lao wala simu. Walikuwa na kisima, barabara ya sokoni, ngoma na misiba. Mtu akisema wanawake wa zamani walikuwa wanapoteza muda kwa kuzungumza, mwambieni aulize mgomo ule ulijulikanaje nyumba kwa nyumba.

Na miaka iliyofuata, sinema za mjini zilipoweka maonyesho ya wanawake peke yao, mabibi zetu walitoka na mabuibui yao kwenda kutazama picha za Kihindi na za Kimisri. Bibi yangu alikuwa akisema picha inakwisha kwa saa tatu, lakini kuihadithia kwa wasiokwenda kunachukua mwezi.

Uani kwa bibi

Bibi yangu alikulia katika nyumba ya Ng'ambo yenye ua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za aina ile zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani, yaliyopangwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Maji ya bomba, umeme, choo cha ndani, watu walishukuru. Lakini ghorofani hakuna ua. Bibi alihamia huko, na akasema alichokikosa si nyumba, ni mahali pa kusemea. Wanawake wakahamishia soga kwenye ngazi. Mwisho yeye akarudi kuishi kwa dada yake shamba, na huko ndiko nilikomkuta mimi utotoni.

Uani kwa bibi nilijifunza adabu ambazo nilizisahau nilipofungua duka. Hakuna aliyenifundisha kwa mdomo, niliziona tu.

Ya kwanza, mikono ilikuwa na kazi. Mmoja anasuka ukili, mmoja anachagua mchele, mmoja yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Mwenye kazi mkononi hana nafasi ya kunyoosha kidole. Na kazi ikiisha, mazungumzo yanaisha, kila mtu anakwenda kwake.

Ya pili, jina halitajwi. "Kuna mtu mmoja," "jirani ya mtu," "mtoto wa watu." Wenye kujua walijua, sisi watoto tuliambulia patupu. Nilidhani ni kutufanya wajinga. Kumbe ni kumsitiri asiyekuwepo.

Ya tatu, palikuwa na mkubwa wa kuzima moto. Bibi akiona maneno yamezidi chumvi alikuwa hasemi "acheni kusengenya". Alikuwa anasema, "Nani aliyemuona kwa macho yake?" Kimya. Kisha, "Haya, nileteeni maji." Basi, imekwisha.

Ya nne ni ile iliyonishinda mimi. Aliyepewa siri kwa kazi yake hakuileta uani. Bibi alikuwa somo wa wasichana wengi, aliwasinga, aliwafukiza udi, aliwafunda, aliingia nao mpaka chumbani. Alijua mambo ya nyumba hamsini. Uani alikaa siku zote, alicheka kuliko wote, na sijapata kumsikia hata siku moja akisema alichokiona kwenye mwili wa mwari wake. Fundi wa nguo naye ni vile vile. Nami nimeshika utepe kifuani na kiunoni kwa watoto wa watu. Kipimo ni amana.

Na sisi wa leo

Siku hizi ua wetu uko kwenye simu. Makundi ya mashoga, ya kitchen party, ya waliosoma pamoja, ya familia ya mume. Salamu za asubuhi, picha za sare, mapishi ya Ramadhani, vichekesho, sauti za dakika tano tunazosikiliza tukiosha vyombo. Mimi siyalaumu. Kwa mwari aliyeolewa Muscat au London akiwa peke yake ghorofani, kundi lile ndilo ukumbi wake na ngazi zake. Kuna dada ninayemjua aliyekuwa amekata tamaa baada ya kujifungua, na kilichomsimamisha ni mashoga waliokuwa wakimsemesha upuuzi kila usiku mpaka akacheka.

Lakini tazameni tulichokiacha njiani. Mikono haina kazi, vidole ndivyo vinavyozungumza. Jina linatajwa pamoja na picha yake. Mkubwa wa kuuliza nani aliyeona hayumo, au yumo lakini amenyamazisha kundi. Na maneno hayaishi kazi ikiisha. Yanakaa, yananakiliwa, yanapelekwa. Mguno wangu ulihitaji siku tatu kufika kwa wakwe, leo usingehitaji dakika tatu.

Kwa hivyo nimejiwekea utaratibu dukani. Tunazungumza, tena sana, na kaswida nimepunguza sauti. Lakini anayesubiri nampa vifungo atie au pindo akunje. Anayetaka kuhadithia ahadithie "mtu mmoja". Na vipimo vya wateja viko kwenye daftari lenye namba badala ya majina. Akianza mtu kuniuliza fulani kanenepa au kakonda, namjibu kama bibi: "Nileteeni maji."

Nilikwenda kuomba radhi kwa yule binti. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata uso wa kwenda. Nilimkuta kwake na mumewe yupo kazini. Alinikaribisha, akanipa chai ya mdalasini, akanisamehe kwa sauti ile ile ya kunong'ona. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Dada, mimi kupimwa kumenipita. Kinachoniuma, siku ya harusi kila aliyenitazama alinitazama tumboni." Nilitazama chini. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Amenisamehe, namshukuru Allah. Lakini gauni hakulirudisha nilifanyie kazi tena, na nguo zake za sikukuu anashonesha kwengine. Ni haki yake.

Baadaye niliitafuta kanga ile ya mama yake Darajani, nikaipata, nikanunua doti. Kipande kimoja nimekitundika ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo kila anayekaa kuzungumza anakiona. Wateja hudhani nimekiweka kwa sababu mimi ni fundi wa nguo na maneno yanaendana na kazi yangu. Nawaambia nimeipenda rangi tu.

Tuzungumzeni, mashoga zangu. Tusitaje tu.